Kuwatumikia Miungu ni Kazi Gani?

Katika lugha yetu tuna maneno mawili tuyatumiayo kila siku tunapozungumza habari za dini, na kila moja limebeba fikra yake ndani. La kwanza ni ucha Mungu. Kucha ni kuogopa, na mcha Mungu, kwa asili ya neno, ni mtu amwogopaye Mungu. La pili ni ibada. Hili tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa neno abdi, yaani mtumwa au mtumishi. Kwa asili ya neno, basi, mtu afanyaye ibada yumo kazini. Anamtumikia bwana wake.

Tukiyatafakari maneno haya kidogo tu, maswali yanaanza kuchomoza. Ikiwa uchaji ni kuogopa, je, kila aogopaye ni mchaji? Na ikiwa ibada ni utumishi, utumishi huo ni wa kazi gani? Msaidizi wa seremala tukimwuliza bwana wake anatengeneza nini, atatuambia ni meza au ni mlango. Kibarua wa mkulima atatuonyesha shamba. Je, mtumishi wa Mungu akiulizwa bwana wake anafanya kazi gani kwa mikono yake yeye mtumishi, atajibu nini? Nimekuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimevuka miaka sabini. Sijakutana na swali jepesi kulitamka na zito kulijibu kama hili.

Swali lenyewe si langu. Liliulizwa katika mji wa Athens, Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na aliyeliuliza alikuwa mzee wa miaka 70 aliyekuwa njiani kwenda kushtakiwa kwa kukosa uchaji. Huyo ni Socrates. Mwanafunzi wake Plato, aliyekuwa bado kijana wakati mwalimu wake anauawa, aliyaandika mazungumzo hayo katika kitabu kifupi kiitwacho Euthyphro. Ningependa, ndugu msomaji, tukifuate kitabu hicho hatua kwa hatua, kwa sababu naamini kina jambo ambalo hata sisi, tusioabudu miungu ya Wagiriki, hatuwezi kulikwepa.

Mwaka ni 399 kabla ya Kristo. Mahali ni penye Baraza ya Mfalme, pembeni mwa uwanja wa soko la Athens, ambayo magofu yake yalifukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale mwaka 1970. Huyo aliyeitwa Mfalme hakuwa mfalme kama tunavyolielewa neno hilo. Alikuwa ofisa wa mji, aliyeshika kazi kwa mwaka mmoja, na kesi zote za mambo ya dini zilipitia kwake kwanza. Socrates amefika hapo kwa sababu kijana mmoja, Meletus, amemshtaki kwamba hawatambui miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiungu, na anawapotosha vijana. Hapo ndipo anapokutana na Euthyphro, mtu mwenye sifa ya kutabiri na kujua sana mambo ya miungu. Naye ana kesi. Lakini yeye hakushtakiwa. Amekuja kushtaki, na anayemshtaki ni baba yake mzazi, kwa kosa la kuua.

Habari yenyewe ni hii. Familia hiyo ilikuwa inalima katika kisiwa cha Naxos. Kibarua wao mmoja alilewa, akamkasirikia mtumwa wa nyumbani, akamchinja. Baba yake Euthyphro akamkamata kibarua, akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni. Kisha akatuma mtu aende Athens kwa wafafanuzi wa sheria za dini kuuliza mtu wa namna hiyo atendewe nini. Safari ya kuvuka bahari haikuwa fupi, na wakati huo wote hakuna aliyemjali mfungwa. Ni mwuaji, akifa na afe. Kweli akafa, kwa njaa, kwa baridi na kwa kamba, kabla tarishi hajarudi na jibu.

Ndugu zake wanamlaumu Euthyphro kwamba mtoto kumshtaki baba yake ni ukosefu wa uchaji. Yeye anacheka. Wao, asema, hawajui mambo ya miungu. Yeye anayajua barabara. Socrates anaposikia hayo anafurahi, kwa kejeli yake ya kawaida, kwamba amempata mwalimu. Ikiwa Euthyphro anajua uchaji ni nini kiasi cha kuthubutu kumshtaki baba yake bila kuogopa kukosea, basi na amfundishe, ili naye apate la kumjibu Meletus.

Jibu la kwanza la Euthyphro ni kwamba uchaji ni kufanya kama afanyavyo yeye sasa, yaani kumshtaki mkosaji awaye yote, hata awe mzazi. Hata Zeus, mkuu wa miungu, alimfunga baba yake Cronus. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anaijua kasoro ya jibu la namna hii. Ukimwuliza mtoto mti ni nini akakuonyesha mwembe, amekupa mfano, hajakupa maana. Socrates anataka kujua ni kitu gani kinachofanya matendo yote ya uchaji yawe ya uchaji.

Jibu la pili linapanda ngazi moja: uchaji ni lile linalopendwa na miungu. Lakini miungu wa Wagiriki, kwa masimulizi yao wenyewe, waligombana. Analolipenda mmoja mwingine alichukia. Kwa hiyo jambo moja lingekuwa la uchaji na la ukosefu wa uchaji kwa wakati mmoja. Euthyphro anarekebisha: ni lile wanalolipenda miungu wote.

Hapo Socrates anauliza swali ambalo limewahangaisha wanafalsafa na wanatheolojia wa dini nyingi hata leo. Anataka kujua kipi kinatangulia, wema wa jambo au mapenzi ya miungu. Kiswahili chetu kinaweza kulieleza hili vizuri kwa sababu ya kauli yake ya kutendwa. Mzigo unaitwa umebebwa kwa sababu kuna mtu aliyeubeba. Haukuwa umebebwa kwanza ndipo mtu akaja kuubeba. Hali kadhalika, kitu ni kipendwacho kwa sababu kuna akipendaye. Lakini huyo akipendaye anakipendea nini? Ikiwa miungu wanalipenda jambo kwa sababu ni jema, basi wema wake ulikuwapo kabla ya kupendwa, na kusema kwamba linapendwa hakujatuambia bado wema huo ni nini. Na ikiwa ni jema kwa sababu tu wamelipenda, basi wangalipenda kinyume chake, kinyume hicho ndicho kingalikuwa chema.

Wako wanaoona swali hili ni la ubishi tu wa wasomi. Mimi silioni hivyo, na sababu yangu ni ya shuleni. Mwanafunzi anayejua kwamba uongo ni mbaya kwa sababu mwalimu mkuu haupendi, ataacha uongo mpaka siku mwalimu mkuu atakaposafiri. Yule aliyefahamu kwa nini mwalimu mkuu haupendi, huyo hana haja ya kuangalia kama ofisi imefungwa. Wote wawili wanatii. Lakini utii wa mmoja umesimama juu ya mtu, na wa mwingine umesimama juu ya jambo lenyewe. Socrates hasemi kwamba miungu wasitiiwe. Anasema kwamba anayedai kutenda kwa niaba yao lazima aweze kusema wanaona nini katika lile wanalolipenda. Euthyphro hawezi, na bado yuko tayari kumpeleka baba yake katika kesi ya mauaji.

Baada ya hapo mazungumzo yanagusa neno letu la kwanza, kucha. Mshairi mmoja wa zamani alikuwa amesema kwamba penye hofu pana heshima. Socrates anakataa. Watu wanaogopa maradhi, wanaogopa umaskini, lakini hakuna anayeyaheshimu maradhi wala umaskini. Kinyume chake ndicho cha kweli: penye heshima pana hofu, maana anayeheshimu jambo huona haya na kuogopa kulivunja. Hofu ni pana kuliko heshima, kama namba zilivyo nyingi kuliko namba witiri. Natamani kila mtu afundishaye dini kwa watoto angelisoma ukurasa huo. Kumwogopesha mtoto ni rahisi, fimbo inatosha. Lakini mtoto aliyeogopa bado hajawa mchaji, kama vile mtu anayekimbia nyoka hamwabudu nyoka. Wahenga wetu waliposema kwamba mcha Mungu si mtovu, sidhani walikuwa na maana ya mwenye kutetemeka.

Sasa tunafika kwenye kiini. Euthyphro, akisaidiwa, anakubali kwamba uchaji ni sehemu ya haki: ni ile sehemu ya haki inayohusu kuwahudumia miungu, na sehemu iliyobaki inahusu kuwahudumia wanadamu. Neno la Kigiriki hapo ni therapeia, na lina bahati ya kufanana sana na neno letu kuhudumia. Kwetu sisi muuguzi humhudumia mgonjwa, mchungaji huhudumia ng'ombe, na mpishi huwahudumia mabwana mezani. Neno ni moja, lakini maana ni mbili. Huduma ya muuguzi na ya mchungaji ni matunzo: mwenye kuhudumiwa ana upungufu, na akihudumiwa vizuri hali yake inakuwa bora. Huduma ya mpishi kwa bwana wake ni utumishi: mwenye kuhudumiwa ndiye mkubwa, naye mtumishi hufanya anachotumwa.

Socrates anaushika utata huo. Je, tunawahudumia miungu kama mchungaji ahudumiavyo ng'ombe? Kila tufanyapo tendo la uchaji, je, tunamfanya mmoja wa miungu awe bora kuliko alivyokuwa? La hasha, asema Euthyphro. Ni kama watumwa wanavyowahudumia mabwana zao. Vema. Lakini watumishi wa mganga humsaidia kuleta afya. Watumishi wa mjenzi wa merikebu humsaidia kupata merikebu, na wa mjenzi wa nyumba, nyumba. Je, sisi tukiwa watumishi wa miungu, tunawasaidia kupata nini? Ni kazi gani hiyo nzuri sana wanayoifanya kwa kututumia sisi?

Euthyphro anajibu kwamba wanafanya mambo mengi mazuri. Socrates anamkumbusha kwamba hata jemadari hufanya mambo mengi, lakini jumla yake ni ushindi vitani. Mkulima naye hufanya mambo mengi, na jumla yake ni chakula kutoka ardhini. Jumla ya kazi ya miungu ni ipi? Hapo Euthyphro anaondoka kwenye swali. Anasema kwamba hayo ni marefu kuyaeleza, ila mtu akijua kusema na kutenda yanayowapendeza miungu katika kuomba na kutoa sadaka, huo ndio uchaji, na ndio uhifadhio nyumba na miji. Socrates anasikitika waziwazi. Anamwambia kwamba alikuwa amefika mlangoni kabisa, kisha akageuka. Kwa maneno mengine, laiti angalijibu swali lile moja, Socrates angaliridhika kwamba amejua uchaji ni nini.

Wasomaji wengi hulipita tamko hilo haraka. Mimi naliona ndilo ufunguo wa kitabu, maana Socrates ni mara chache sana kusema kwamba jibu lilikuwa karibu. Na alichokichagua Euthyphro badala ya jibu hilo kinafaa kutazamwa. Uchaji sasa umekuwa ujuzi wa kuomba na kutoa, na Socrates anaupa jina lake halisi: ni ustadi wa biashara kati ya miungu na watu. Tena ni biashara ya ajabu. Sisi tunapata kila kitu kutoka kwao, nao hawana haja ya chochote kutoka kwetu. Ama sisi ni wafanyabiashara hodari mno, au tumekosea kuiita dini biashara.

Plato hakuliacha jambo hilo hapo. Katika kitabu chake cha Jamhuri anawataja makuhani waombaji na watabiri waliopita kwenye milango ya matajiri, wakiwaahidi kwamba kwa sadaka na maneno ya siri wataweza kuwafutia makosa yao, na hata kuwadhuru maadui zao kwa gharama ndogo. Katika uzee wake, alipoandika Sheria, alitaja makosa matatu ya watu kuhusu miungu: kusema hawapo, kusema wapo lakini hawajishughulishi na wanadamu, na kusema wapo na wanajishughulisha lakini ni wepesi kulainishwa kwa sadaka na sala. Kosa hilo la tatu alilikemea kwa ukali mkubwa. Hata mbwa mlinzi mwema, alifikiri, hapokei kipande cha nyama kutoka kwa mbwa mwitu ili amwache apite. Iweje miungu wawe duni kuliko mbwa? Sisi tunaojua rushwa ni nini ofisini, hatuhitaji maelezo marefu. Anayetoa sadaka ili kosa lisahauliwe hajamtukuza mungu wake. Amemfanya karani wa kupokea bahasha.

Lakini jibu la swali lile la mlangoni ni lipi? Euthyphro alikwenda zake akisema ana haraka, na kitabu kikaisha. Wako wataalamu wanaosema Plato hakuwa na jibu. Wengine wanasema jibu lipo katika kitabu kingine, Utetezi, ambamo Socrates anajieleza mbele ya mahakimu wapatao 500 waliochaguliwa kutoka kwa raia wa kawaida. Mimi niko upande wa hawa wa pili.

Katika utetezi huo Socrates anasimulia kwamba rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi, kwenye hekalu la Apollo, akauliza kama yuko mtu mwenye hekima kumzidi Socrates. Jibu likawa hakuna. Socrates, akijua kwamba hana hekima, alishangaa. Hakulikataa neno la mungu, wala hakulimeza bila kulitafuna. Alikwenda kulipima, akiwahoji wanasiasa, washairi na mafundi, akakuta kila mmoja anadhani anajua asiyoyajua. Mwishowe akaelewa kwamba mungu alimtumia yeye kama mfano wa kuwaambia watu kwamba hekima ya binadamu ni kitu kidogo. Tangu hapo kuwahoji watu kukawa ndio utumishi wake kwa mungu. Tena anatumia neno hilo hilo la utumishi. Alizunguka mjini akiwasihi watu, vijana na wazee, wasiijali miili na mali kabla ya kuijali roho, ili iwe bora iwezekanavyo. Alijifananisha na nzi aumaye aliyegandishwa na mungu juu ya farasi mkubwa na mvivu, ili asilale. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa fukara, na umaskini wake aliutaja mahakamani kama shahidi wake.

Hilo, naamini, ndilo jibu. Kazi ya miungu kwa mikono yetu ni watu kuwa bora. Miungu hawana upungufu. Wenye upungufu ni sisi. Kwa hiyo ile maana mbili ya neno kuhudumia inakutana mahali pamoja: mtu anamtumikia mungu kama bwana kwa kuwatunza wanadamu wenzake kama mchungaji. Wala hayakuwa maneno tu. Mwaka 406 kabla ya Kristo, majemadari walipohukumiwa kwa mkupuo kinyume cha sheria, Socrates alikuwa mmoja wa waliosimamia mkutano wa raia, akapinga peke yake huku watu wakipiga kelele. Mwaka 404, watawala thelathini walioshika mji kwa nguvu walimwamuru yeye na wenzake wanne wakamlete Leon kutoka Salamis ili auawe. Wale wanne walikwenda. Yeye alikwenda nyumbani kwake.

Mtu aweza kupinga: je, Socrates hakuifanya dini kuwa maadili matupu, akazitupa sala na sadaka? Ushahidi hauonyeshi hivyo. Xenophon, aliyemfahamu, ameandika kwamba Socrates alionekana mara nyingi akitoa sadaka nyumbani kwake na kwenye madhabahu za mji. Gerezani alitunga utenzi wa kumsifu Apollo. Na maneno yake ya mwisho kwa rafiki yake Crito yalihusu jogoo aliyewiwa Asclepius, mungu wa uganga, asisahauliwe. Aliyeyakataa si maadhimisho. Ni kudhani kwamba maadhimisho yanaweza kuchukua nafasi ya kazi.

Sisi walimu tunalifahamu jambo hili kwa njia yetu. Chuoni tulifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na ni vizuri. Mwalimu asiye na andalio hubabaisha. Lakini lipo andalio lililojazwa kila safu kwa mwandiko safi, lililotiwa saini na tarehe, na darasani hakuna mtoto aliyejua kusoma. Andalio liliwekwa kwa ajili ya mtoto. Likimsahau mtoto, usafi wake ndio unaotia uchungu.

Na hapa nataka turudi Naxos, kwenye lile shimo. Kila nikisoma kitabu hiki najiuliza kwa nini mtu yule aliyefungwa kamba hasemwi zaidi. Alikuwa mwuaji, ni kweli, na alistahili kuhukumiwa. Lakini tazama jinsi alivyokufa. Baba yake Euthyphro hakuwa mtu wa kudharau dini. Alitaka kufanya sawasawa, ndiyo maana alituma mtu kuvuka bahari kwenda kuuliza sheria takatifu inasemaje. Alikuwa anangoja jibu la uchaji, na wakati anangoja, mtu alikufa kwa njaa hatua chache kutoka mlangoni pake. Mwana naye anamshtaki baba yake, na katika hilo ana jambo la kusifiwa, maana ndiye pekee katika ukoo ule aliyeona kwamba damu ya kibarua nayo ni damu. Lakini anapoeleza sababu, anasema kwamba anayekaa nyumba moja na mwuaji na kula naye meza moja hutiwa unajisi ule ule. Anataka kujisafisha yeye na baba yake. Baba alisubiri fatwa. Mwana anatafuta utakaso. Kikombe cha maji hakikupelekwa shimoni na yeyote kati yao.

Athens yenyewe ilifanya vivyo hivyo kwa upana zaidi. Socrates alipatikana na hatia. Kura 30 tu zingalihama upande, angaliachiliwa. Hata hivyo hakuuawa upesi. Siku moja kabla ya kesi, merikebu takatifu iliyokuwa ikienda kila mwaka kisiwani Delos kwa heshima ya Apollo ilikuwa imevikwa taji, na sheria ilikataza mtu yeyote kuuawa na serikali mpaka merikebu irudi, ili mji ukae safi. Upepo ulichelewesha safari, na mfungwa akangoja siku 30. Mji ulilishika sharti la Apollo bila kulivunja hata siku moja. Merikebu iliporudi, ukamnywesha sumu mtu aliyetumia maisha yake kumtumikia Apollo huyo huyo. Hakuna aliyeona kinyume chochote. Merikebu ilikuwa safi, taratibu zilitimizwa.

Hiki ndicho ninachokiona kuwa kiini cha habari yote. Uchaji unaweza kutimiza kila sharti na bado ukapita kando ya mtu. Na hauwezi kulijua kosa hilo wenyewe, kwa sababu masharti yote yametimia. Unahitaji mtu wa kuuliza kazi yenyewe ni ipi. Ndiyo maana kwa Socrates kuuliza hakukuwa adui wa ibada. Kulikuwa sehemu ya ibada, labda sehemu iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa aulizaye hapendwi.

Wanafalsafa waliomfuata waliendelea kulitafuta jibu kila mmoja kwa njia yake. Wa mwisho nitakayemtaja ni Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, akawa kilema, kisha akawa mwalimu katika mji wa Nicopolis huko Ugiriki, mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo. Yeye aliona kwamba kila kiumbe kina kazi yake, na ndege aimbaye anaitimiza yake kwa kuimba. Kwa hiyo mzee kilema mwenye akili naye anayo kazi, ya kumsifu Mungu na kuwaalika wengine wafanye hivyo, na hataiacha zamu yake maadamu amepangiwa. Namtaja kwa sababu watu waliostaafu huambiwa kwamba utumishi wao umekwisha, na barua huja yenye muhuri kuthibitisha hivyo. Utumishi wa serikali una tarehe ya mwisho. Huu mwingine sijauona katika barua ya mtu yeyote.

Kila dini ina jibu lake kwa swali la mzee yule wa Athens, na si kazi ya insha hii kuchagua kati yao. Ninachokishikilia ni kwamba swali lenyewe ni halali, na anayeliuliza hamkosei Mungu. Mwenye dini anayeona halimhusu, kwa kuwa husali kwa wakati na hutoa kwa wakati, anafanana na Euthyphro aliyekuwa na haraka. Tujiulize, basi, kila mmoja kwa ibada yake: bwana tunayesema tunamtumikia anajenga nini kwa mikono yetu? Na tukikosa jibu la haraka, pengine si vibaya kuanza na lililo karibu, yaani kwenda kutazama kama shimoni mna mtu.